Shangazi wa Kompyuta: Ukanda unaokufa saa mbili asubuhi

Barua tatu za mwezi huu zauliza jambo moja kwa ndimi tatu: ule mstari mwembamba ulio juu au chini ya kioo, unaoandika saa, betri na mtandao. Waliotafsiri programu kwa Kiswahili huuita upau wa hali. Hapa dukani kwangu Langoni, mjini Lamu, tunauita ukanda, maana umekaa kama ukanda wa kikoi, na hakuna mteja aliyewahi kuniuliza nina maana gani. Basi nitauita ukanda.

*Sabalkheri Shangazi. Mimi ni karani katika nyumba ya wageni huku Shela. Laptopu yangu ni kuukuu, nimeitia Linux na i3, programu ya kupanga madirisha, kwa sababu ni nyepesi. Nilichoka kusoma 19:04 kisha nianze kuhesabu kwa vidole kila mzee akiniuliza saa ngapi, nikaandika skripti (faili la amri) ya kuonyesha saa ya Kiswahili kwenye ukanda. Nilipoiandika usiku ilikwenda vizuri sana. Asubuhi nikakuta maandishi mekundu, ati programu ya ukanda imekufa. Nikaiwasha, ikafa. Nikaiwasha tena, ikafa papo hapo. Ilipofika saa nne ikakubali, ikaenda mpaka kesho yake saa mbili kamili, ikafa tena. Leo siku ya sita, mtindo ni huo huo. Mwenzangu asema ni jenereta ya jirani, ambayo kweli huwashwa saa mbili. Nimeshanunua waya mpya wa chaji. Mstari wenyewe wa hesabu ni huu:*

saa=$(( ($(date +%H) + 6) % 12 ))

*Tafadhali nisaidie kabla sijagombana na jirani. – Karani, Shela*

Mwache jirani na jenereta yake, mwanangu, na huo waya wa chaji utakufaa siku nyingine. Barua yako nimeipenda kwa sababu umeandika saa. Watu wengi huniletea mashine wakasema tu "inasumbua". Wewe umeniambia inakufa saa mbili kamili na haikubali mpaka saa nne, na kwa maneno hayo nilikuwa nimeshajua ugonjwa kabla sijaufikia mstari wa hesabu.

Fungua terminali uandike amri hizi tatu, moja moja:

echo $((07))
echo $((08))
echo $((010))

Ya kwanza itakujibu 7. Ya pili itakukemea. Ya tatu itakujibu 8, nayo ndiyo ya kukushangaza. Sheli, yaani programu inayosoma amri zako, ikiona namba iliyoanza na sifuri haiihesabu kwa makumi kama sisi, huihesabu kwa manane. Ni desturi ya zamani waliyoirithi kutoka lugha ya C. Katika hesabu ya manane kuna tarakimu kuanzia 0 hadi 7 tu. Tarakimu ya 8 haipo, ya 9 haipo, kama vile sisi tusivyo na tarakimu moja ya kumi. Sasa amri ya date ukiiambia %H, saa mbili asubuhi inakuletea 08, na saa tatu inakuletea 09. Sheli inaziangalia hizo sifuri, inajiandaa kuhesabu kwa manane, inakutana na tarakimu isiyoijua, inakufa na kitanzi chako chote, yaani zile amri zinazojirudia. Saa nne ni 10, haina sifuri mbele, mambo yanatulia. Usiku saa mbili ni 20 na saa tatu ni 21, nazo hazina neno. Na kuanzia 00 hadi 07, kuhesabu kwa makumi au kwa manane jibu ni lile lile, ndiyo maana alfajiri hukuona kitu. Kosa lako linaishi masaa mawili tu kwa siku, na bahati mbaya ni zile saa ambazo karani yuko mezani.

Dawa ndogo ni kistari kimoja. Badala ya %H andika %-H, date itakuletea 8 mtupu bila sifuri. Kama skripti yako ni ya bash, aina moja ya sheli, unaweza pia kuweka 10# mbele ya namba, maana yake "hii ihesabu kwa makumi", lakini kwenye sh ya kawaida hiyo haifahamiki.

Ningeweza kukomea hapo. Lakini hesabu yako yote mimi ningeitupa baharini, maana date inajua kuhesabu masaa kuliko mimi na wewe, na kuna jambo la pili ambalo hukuliuliza na litakufika siku moja.

Kwanza kuhusu masaa. Kompyuta ina kigeugeu kiitwacho TZ, kinachoiambia wewe uko majira gani. Sisi tuko masaa 3 mbele ya saa ya dunia, ile UTC. Saa ya Kiswahili imepishana na ya Kizungu kwa masaa 6. Basi badala ya kujumlisha na kugawanya, unaiambia date kwamba wewe uko mahali ambapo masaa yamesogea 6, nayo itajibu yenyewe:

TZ=LMU-9 date '+%-I:%M'

Hizo herufi LMU nimezibuni mimi kwa heshima ya mji, wewe weka zozote mradi zisipungue tatu. Jambo la kuangalia ni ile alama ya kutoa. Katika kigeugeu hiki alama zimegeuzwa: -9 maana yake ni masaa 9 mbele ya UTC, wala si nyuma. Usiniulize kwa nini, ni kanuni ya POSIX, mapatano ya pamoja ya mifumo kama Linux, na imeshakaa. Na usijaribu kuandika TZ=Africa/Lamu. Jina hilo halimo katika orodha, ya kwetu ni Africa/Nairobi, na kompyuta ikipewa jina isilolijua haisemi kitu, inakupa saa ya UTC kimya kimya. Heri yule anayekufa saa mbili, angalau anajulisha.

Tisa imetoka wapi? Tatu yetu, na sita ya Kiswahili. Utaniambia: "Shangazi, saa ya Kiswahili iko nyuma ya ya Kizungu, saa 7 ya Kizungu ni saa 1 yetu, si tungetoa sita badala ya kuongeza?" Ungeweza. TZ=LMU3 ingekupa uso ule ule wa saa, kwa sababu kati ya kuongeza sita na kutoa sita kuna masaa 12, na saa ya ukutani ikizunguka masaa 12 inarudi pale pale. Tofauti haiko kwenye saa. Iko kwenye siku.

Na hili ndilo jambo la pili. Mwaka juzi nilikuwa na kijana wa kunisaidia dukani, mtoto mzuri, mwenyeji wa Machakos. Mteja mmoja mzee wa Mkomani alileta laptopu iliyoliwa na chumvi kwenye kibodi, mambo yetu ya kila siku hapa pwani. Kijana akamwambia aje kuichukua usiku wa Ijumaa. Yeye alikuwa na maana ya Ijumaa jua likishazama. Mzee akaja Alhamisi baada ya Isha, kama ambavyo mtu yeyote wa Lamu angekuja, akakuta mlango umefungwa, akarudi nyumbani kwa miguu yake mibovu. Kesho yake alikuja akanisemesha maneno ambayo mhariri hataniruhusu kuyaandika. Kijana akatetea kwa kuonyesha kioo: "Lakini jana ukanda uliandika Alhamisi!" Kweli uliandika Alhamisi. Ukanda ulikuwa na siku inayoanza saa sita usiku, na mzee alikuwa na siku inayoanza magharibi.

Ukitoa sita, siku ya ukanda wako itageuka saa kumi na mbili asubuhi. Ukiongeza sita, itageuka saa kumi na mbili jioni, na Alhamisi jua likizama ukanda utakuandikia Ijumaa. Hiyo ndiyo siku ya mzee wa Mkomani. Kwa hiyo mimi naandika LMU-9.

Sasa nikupe skripti nzima, iandike ndani ya ~/.config/i3/ukanda.sh:

#!/bin/bash
export LC_ALL=sw_KE
B=/sys/class/power_supply/BAT0
while true; do
  case $(date +%H) in
    0[0-3]|19|2?) k="usiku wa";;
    04|05) k="alfajiri ya";;
    0[6-9]|1[01]) k="asubuhi ya";;
    1[2-5]) k="mchana wa";;
    16|17) k="jioni ya";;
    18) k="magharibi ya";;
  esac
  case $(cat $B/status) in
    Charging) h="inachaji";;
    Full) h="imejaa";;
    *) h="yatumika";;
  esac
  saa=$(TZ=LMU-9 date '+%-I:%M')
  siku=$(TZ=LMU-9 date '+%A')
  echo "betri $(cat $B/capacity)% $h | saa $saa $k $siku"
  sleep 10
done

Umeona kwamba %H yako imerudi na sifuri yake? Hapo juu haina madhara, kwa sababu case haihesabu, inalinganisha herufi kwa herufi. 08 kwake ni maandishi tu. Umeona pia kwamba "wa" na "ya" nimezifunga pamoja na vipindi. Nilianza kwa kuandika usiku, asubuhi, mchana peke yake, ukanda ukawa unasema "saa 2:04 usiku Ijumaa" kama mtalii aliyejifunza Kiswahili kwenye ndege. Haikunigharimu kitu kuweka herufi mbili mbili, na sasa unasema "saa 2:04 usiku wa Ijumaa", mtu wa Lamu akisoma hasiti. Mipaka ya vipindi ni yangu. Kama kwenu saa kumi bado ni mchana, badilisha.

Mstari wa LC_ALL ndio unaoleta majina ya siku kwa Kiswahili. Lazima lugha yenyewe iwe imewekwa kwenye mashine. Kwenye Debian, aina moja ya Linux, fungua /etc/locale.gen kwa sudo, tafuta mstari wa sw_KE, uondolee alama ya reli (#) iliyo mbele, kisha endesha sudo locale-gen. Halafu locale -a itakuonyesha kama imeingia, na limeandikwaje jina lake. Tanzania wana lao, sw_TZ. Bila hivyo utapata "Friday", na hakuna atakayekuambia kuna kosa.

Betri nayo haina uchawi. Linux huweka habari za betri kama faili za kawaida, unazisoma kwa cat kama unavyosoma barua. Laptopu nyingine huiita BAT1, angalia kwa ls /sys/class/power_supply. Nimekuwekea na hali ya chaji kwa sababu stima ikikatika kwenye nyumba ya wageni, mtu wa kwanza kujua anatakiwa awe karani.

Ipe skripti ruhusa ya kukimbia kwa chmod +x, kisha katika ~/.config/i3/config tafuta pale palipoandikwa bar, uweke:

bar {
  status_command ~/.config/i3/ukanda.sh
}

Hifadhi, uandike i3-msg restart. Madirisha yako hayatafungwa. Kazi ya i3 hapo ni nyepesi mno: inasikiliza skripti yako, kila ikitamka mstari mpya, i3 inaufuta wa zamani inaubandika mpya. Ndiyo maana skripti ina kitanzi na haiishi. Wapo wanaoandika sleep 1 ili waone sekunde zikikimbia. Kila mzunguko wa skripti hii unaamsha programu nyingi ndogo ndogo, sasa kwa laptopu kuukuu inayoishi kwa betri, sekunde za nini? Saa yetu haijawahi kuwa na sekunde.

Na tahadhari moja, Ramadhani isije ikanikuta na lawama. Ukanda hugeuza siku saa kumi na mbili kamili. Jua la Lamu huzama baada ya hapo, miezi mingine dakika chache, miezi mingine zaidi ya nusu saa. Usifuturu kwa ukanda. Msikilize muadhini.

*Masalkheri Shangazi. Mimi ni mwanafunzi, natumia kompyuta ndogo isiyo na madirisha, ni maandishi matupu, na ndani yake nafungua tmux, programu ya kugawa kioo hicho. Babangu ni fundi wa mashua hapa Matondoni. Kila chombo kikikaribia kushushwa majini huniita: "Mwanangu, hebu nangalilia bamvua li lini." Nataka ule mstari wa kijani wa chini uniandikie umri wa mwezi, nisiwe natafuta kila mara. Pia nikiandika maneno mengi upande wa kulia yanakatika. – Binti wa Matondoni*

Babako aijua bamvua, yale maji yanayojaa sana, kuliko kompyuta zote za kisiwani, bibi, amekupima tu. Lakini mpe jibu.

Kukatika kwanza, hilo ni la dakika moja. tmux huupa upande wa kulia nafasi ya herufi 40, zinazozidi huzikata bila huruma. Katika ~/.tmux.conf weka:

set -g status-right-length 80
set -g status-right '#(~/bin/mwezi.sh)'
set -g status-interval 300

Huo mstari wa tatu ni wa sekunde. Bila kuambiwa, tmux hujiburudisha kila sekunde 15, na mwezi hauna haraka hiyo. Ukimaliza: tmux source-file ~/.tmux.conf. Hapa usimuige karani wa Shela, usiweke kitanzi. Skripti ya tmux yasema mara moja inyamaze, na tmux mwenyewe ndiye atakayeirudia.

Sasa mwezi. Mwandamo hadi mwandamo, kwa wastani, ni siku 29, masaa 12, dakika 44 na sekunde 3. Zigeuze zote kuwa sekunde utapata 2551443. Tunachohitaji ni mwezi mmoja wa kuanzia kuhesabu, na wanaofanya hesabu hizi hupenda kuanzia ule wa tarehe 6 Januari 2000, uliokutana na jua saa 18:14 ya UTC kwa saa ya Kizungu, yaani kwetu saa 3:14 usiku. Ilikuwa Alhamisi, na Ramadhani iko ukingoni. Karani, kama bado wasoma: usiku wa Ijumaa. Kompyuta huhesabu sekunde tangu mwaka 1970, na wakati ule kwa hesabu yake ni 947182440. Skripti iandike ndani ya ~/bin/mwezi.sh, uipe ruhusa ile ile ya chmod +x:

#!/bin/bash
u=$(( ($(date +%s) - 947182440) % 2551443 / 86400 ))
case $u in
  29|0|1|2|3|15|16|17|18) m="bamvua";;
  8|9|10|23|24|25) m="maji mafu";;
  *) m="maji ya kati";;
esac
echo "mwezi siku $u, $m"

Hesabu yatoa sekunde zilizopita tangu mwezi ule, yatupa miezi kamili, inayobaki yaigawa kwa sekunde 86400 za siku moja. Jibu ni siku ngapi tangu mwezi na jua vikutane. Mwezi mchanga na mwezi mpevu ndipo jua na mwezi huvuta bahari kwa mstari mmoja, maji yakajaa sana na kukupwa sana. Lakini bahari ni nzito, huchelewa siku moja au mbili, ndiyo maana nimeisogeza bamvua mbele kidogo ya siku zenyewe. Mwezi ukiwa nusu, mmoja avuta huku na mwingine kule, maji yakawa mafu, na chombo kizito ukikishusha siku hiyo utakaa nacho juu ya tope ukinywa kahawa mpaka wiki ijayo.

Neno "wastani" nililolitumia lina uzito. Mwezi hauendi kwa mwendo mmoja, ukikaribia dunia hukaza na ukiwa mbali hulegeza, kwa hiyo hesabu hii yaweza kupotea zaidi ya nusu siku. Kwa kumwambia babako "bamvua ni wiki ijayo" yatosha kabisa. Kwa kumwambia chombo kishushwe saa ngapi, haitoshi, hapo kuna jedwali la maji na kuna jicho lake. Na kwa kufunga na kufungua, haihusiki hata kidogo, maana hesabu yaonyesha mwezi kukutana na jua, na siku hiyo hakuna binadamu awezaye kuuona.

Nikuambie na jambo ambalo lilinipotezea Jumamosi nzima. Ndani ya status-right yenyewe tmux huzitafsiri alama za asilimia kuwa saa na tarehe kabla haijafanya lolote. Ukiandika amri ndefu mle ndani, yenye hesabu ya % kama hii yetu, tmux itazitafuna. Ndiyo maana nimekuambia uiweke kwenye faili lake, mle kwenye ukanda liitwe jina tu.

*Shangazi, mimi wa Malindi sina Linux, nina MacBook yenye lile pengo la kamera juu katikati ya kioo. Vialama vya juu vimekuwa vingi, vingine vimepotelea nyuma ya pengo, na moja nililopoteza ndilo la programu yangu ya kazi. Nisaidie kwa amri, mipangilio nimeizunguka yote. – Mtu wa Malindi*

Havikupotea, vimesukumwa nyuma ya pengo, na mashine haikuambii. Vibane vikae karibu karibu:

defaults -currentHost write -globalDomain NSStatusItemSpacing -int 6
defaults -currentHost write -globalDomain NSStatusItemSelectionPadding -int 4

Kisha ondoka kwenye akaunti yako uingie tena. Ya kwanza ni nafasi kati ya kialama na kialama, ya pili ni upana wa kile kivuli ukibonyeza. Namba zangu si sheria. Mimi nilianza na 2 na vialama vikawa kama abiria wa mashua ya Mokowe asubuhi, nikapandisha. Neno -currentHost lafanya mabadiliko yakae kwenye mashine hii tu.

Ukiona havipendezi, usiende kubahatisha namba za mwanzo, ifute amri yenyewe:

defaults -currentHost delete -globalDomain NSStatusItemSpacing
defaults -currentHost delete -globalDomain NSStatusItemSelectionPadding

Na kikishaonekana tena, shika kitufe cha Command, kiburute kile kialama cha programu yako ya kazi ukisogeze kulia, karibu na saa. Kinachojificha ni cha kushoto kwanza.